Mjumbe Asiyeuliza

Mjumbe ni nusu ya ujumbe. Barua iliyoandikwa kwa hekima ikipewa mtu asiyejua njia hupotea, na salamu iliyosemwa kwa haraka ikipewa mtu mwenye busara hufika imenyooka. Kwa sababu hii watu wa kale hawakumtuma kila aliyekuwa na miguu. Walimtazama kwanza kama ana masikio, kama ana kumbukumbu, na zaidi ya hayo kama ana ulimi wa kuuliza. Mjumbe mwema akifika njia panda huuliza. Akikuta nyumba imefungwa humwuliza jirani. Akipewa neno lisiloeleweka hamwachi aliyemtuma mpaka amwambie, "Bwana, wakusudia hili au lile?" Kuuliza si ujinga, aghalabu ndiko kunakoufikisha ujumbe.

Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini alizaliwa mjumbe wa namna nyingine. Hakuwa na miguu, hakuchoka, hakuomba nauli ya chakula, wala hakusinzia njiani. Lakini alikuwa na upungufu mmoja uliolingana na sifa zake zote: hakuweza kuuliza. Mjumbe huyu alikuwa programu ya kompyuta iliyopiga simu usiku, ikakabidhi barua za watu kwa kompyuta nyingine, ikapokea zilizokuwa zikingoja, kisha ikakata simu. Programu hiyo iliitwa UUCP. Mwandishi wake wa kwanza alikuwa Mike Lesk wa maabara ya Bell, Marekani, katika miaka ya 1970, nayo ilienea pamoja na toleo la 7 la mfumo wa Unix lililotoka mwaka 1979. Mwaka 1983 Peter Honeyman, David Nowitz na Brian Redman waliiandika upya, na kazi yao ikaingia katika mashine nyingi za biashara na za vyuo.

Uzuri wa mjumbe huyu ulikuwa katika unyenyekevu wake. Hakuhitaji waya wake mwenyewe wala mtambo wa fahari. Palipokuwa na simu ya kawaida, naye aliweza kuwapo. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Afrika, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya saa zote haijaenea, barua za kompyuta zilisafiri kwa njia hii au kwa njia nyingine zilizofanana nayo. Barua iliandikwa mchana, ikalala katika ghala la kungojea ndani ya mashine, na usiku simu ilipopigwa ikaondoka na wenzake. Ilikuwa posta yenye saa zake, na aliyeikosa saa aliingoja nyingine.

Katika Dar es Salaam, mwaka 1994, alikuwako kijana mmoja aliyepewa kazi ya kumtunza mjumbe huyu. Ofisi iliyomwajiri ilikuwa ndogo. Kompyuta moja yenye mfumo wa Unix iliwekwa katika chumba cha nyuma, jirani na masijala, na kando yake ikawekwa modemu, yaani chombo kinachogeuza herufi kuwa sauti ili zipite katika waya wa simu, na kuigeuza tena sauti kuwa herufi upande wa pili. Modemu hiyo ilikuwa na kasi ya biti 2400 kwa sekunde, ambayo ni herufi kama 240. Ukurasa mmoja uliopigwa chapa ulipita kwa sekunde kumi hivi. Hesabu hii yaonekana si kitu, lakini simu ya ng'ambo ililipiwa kwa dakika, na katika ofisi ile kila dakika ilikuwa na mtu wa kuihesabu mwisho wa mwezi.

Kumtuma mjumbe yule kulitaka mafaili matatu. La kwanza liliitwa Devices. Ndani yake iliandikwa modemu imefungwa katika tundu gani la mashine, yenda kwa kasi gani, na ni ya aina gani. La pili liliitwa Dialers. Hilo lilimfundisha mjumbe lugha ya modemu: aipe amri ya kuamka, angoje jibu kuwa iko tayari, aipe namba ya kupiga, kisha angoje neno la kwamba simu imeunganishwa. La tatu, lililokuwa kubwa kuliko yote kwa maana ingawa si kwa urefu, liliitwa Systems. Kila kituo cha kupigiwa kilipewa mstari mmoja humo, na mstari huo ulikuwa na mambo sita kwa utaratibu usiobadilika: jina la kituo, wakati wa kukipigia, aina ya chombo, kasi, namba ya simu, na mwisho mazungumzo ya mlangoni.

Mazungumzo hayo ya mlangoni yastahili kuelezwa, maana yafanana sana na desturi za watu. Mtu akifika nyumba ya wenyewe hupiga hodi, akangoja karibu, akajitaja jina, akaulizwa habari, ndipo akaingia. Mashine nayo ilikuwa hivyo. Mjumbe alipounganishwa alituma alama ya kugonga mlango, akangoja neno la kumtaka jina, akataja jina lake, akangoja neno la kumtaka siri, akaitoa siri yake, na mlango ukafunguliwa. Mazungumzo yote mawili, ya mwenyeji na ya mgeni, yaliandikwa mapema katika mstari mmoja: neno la kungojea, neno la kujibu, neno la kungojea, neno la kujibu. Na kwa kuwa neno la siri liliandikwa humo waziwazi bila kufichwa, faili lile lilifungwa lisisomwe na mtu yeyote ila mwenye dhamana.

Kijana yule alijifunza kazi yake katika kitabu, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu karibu. Kitabu kilimwonyesha mfano wa mstari wa Systems. Alipofika mahali pa neno la kungojea alikuta limeandikwa "ogin:". Alijua kuwa mashine za Unix humwomba mgeni jina kwa neno "login:", basi akaamini kuwa mpiga chapa alisahau herufi ya kwanza. Alifurahi kuligundua kosa la wakubwa, akalisahihisha kwa mkono wake mwenyewe, akaandika neno zima.

Furaha hiyo ilimgharimu siku tatu. Kila usiku simu ilipigwa, kila usiku ng'ambo ilipokea, kila usiku dakika zililipiwa, na kila asubuhi ghala la kungojea lilikuwa na barua zile zile. Taarifa ya mashine ilisema tu kwamba mgeni hakufaulu kuingia. Kijana alibadili neno la siri. Alichomoa waya akauchomeka tena. Aliilaumu modemu, kisha akailaumu simu, kisha akailaumu mvua, na alipokwisha kuvilaumu vitu vyote vilivyokuwa mbali naye hapakubaki cha kulaumu ila karatasi yake mwenyewe. Usiku wa nne alikaa mbele ya mashine akapiga simu ile kwa mkono, ili aone kwa macho yake anachokiona mjumbe. Neno lilipotokea kiooni, lilikuwa na herufi kubwa mwanzo: "Login:". Yeye aliandika ndogo. Mjumbe alisimama mlangoni akiitwa jina, asiitike, kwa kuwa aliambiwa angoje herufi ndogo na aliyemwita alitamka kubwa.

Hapo ndipo kijana alipokielewa kitabu. Waandishi wake hawakusahau herufi. Waliiacha kwa makusudi. Walijua kuwa mashine moja huandika herufi kubwa na nyingine ndogo, na kuwa herufi ya kwanza kupita katika waya wenye kelele ndiyo iliyo rahisi kuharibika. Kwa hiyo walimwagiza mjumbe asikilize mkia wa neno, usiobadilika, asishike kichwa chake. Alichokidhani kuwa ujinga wa mpiga chapa kilikuwa hekima ya watu walioumwa na kosa lile kabla yake. Aliirudisha ile "ogin:", na usiku ule barua ziliondoka.

Mtu aweza kudhani kuwa aliyefundishwa hivyo mara moja hafundishwi tena. Lakini kosa ni kama maji: likizibwa hapa hutafuta pale. Kosa la pili la kijana lilikuwa katika jambo la pili la mstari ule ule, yaani wakati.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa kubana matumizi. Alitoa amri kuwa simu za mashine zipigwe siku za kazi tu, na katika siku hizo zipigwe usiku, tangu saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri. Amri hiyo kwa Kiswahili haikuwa na kombo. Kijana aliitafsiri kwa lugha ya mashine, akaandika: Wk2200-0500. Herufi mbili za kwanza ni siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Tarakimu nne za kwanza ni saa nne usiku, na nne za mwisho ni saa kumi na moja alfajiri. Aliusoma mstari mara mbili, akauridhia. Kwa majuma mengi haukumletea tabu yoyote.

Katika ofisi hiyo alikuwako tarishi mmoja, mzee wa Bagamoyo, aliyekuwa amechukua barua za ofisi mbalimbali kwa muda wa miaka thelathini. Mitaa ya mji aliijua kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake. Mashine ya chumba cha nyuma hakuichukia, ingawa wengine walimtania kuwa imekuja kumnyang'anya kazi. Kila asubuhi alipita mlangoni akauliza, "Mwenzangu amefika salama jana?" Na kijana akamjibu, "Shikamoo Mzee. Amefika." Mzee akasema marahaba, akaenda zake na mkoba wake.

Mzee huyu alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa akisoma Uingereza. Kijana wa mashine ndiye aliyekuwa mwandishi na msomaji wa barua zao, kwa ruhusa ya mkuu. Kwa kuwa mtoto alihamahama nyumba za kupanga na namba ya simu yake haikujulikana, njia ya hakika ya kumpata upesi ilikuwa anwani ya kompyuta aliyopewa na chuo.

Siku ya Ijumaa moja ya masika mzee aliingia chumba cha nyuma baada ya swala, asiulize habari ya mwenzake. Alikaa kitini bila kukaribishwa, jambo ambalo hakulifanya siku zote. Alisema mama wa mtoto amelazwa, na madaktari wameamua kumpasua Jumatatu saa tatu asubuhi. "Hataki kitu," mzee alisema. "Hataki fedha wala dawa ya ng'ambo. Ataka neno la mwanawe kabla hajaingizwa kwa madaktari. Mwandikie hivyo, mwanangu."

Kijana aliandika barua fupi. Alimweleza mzee hesabu ya safari yake: usiku huu itaondoka, kesho mtoto ataisoma na kujibu, jibu litangoja ng'ambo hadi usiku wa kuamkia Jumatatu, na alfajiri litakuwa hapa. Saa moja asubuhi atalichukua likiwa limechapwa, na saa mbili litakuwa hospitali. Hesabu ilikuwa nyembamba lakini ilitosha. Mzee aliitika, akaenda kukaa na mgonjwa wake.

Usiku ule mvua ilinyesha kwa nguvu. Saa nne mjumbe alipiga simu, waya ukavuma kama mzinga wa nyuki, na simu ikakatika. Alijaribu tena kwa zamu zake, na tena ikakatika. Saa tano na nusu mara moja alifika hadi mlangoni, lakini kelele ziliyameza maneno ya mwenyeji. Baada ya saa sita usiku mvua ilikoma na mji ukatulia. Waya ulikuwa safi, modemu ilikuwa tayari, ng'ambo ilikuwa macho, na barua ilikuwa ghalani. Saa tano nzima za amri ya mkuu zilikuwa bado zimesalia hadi alfajiri. Mjumbe hakupiga.

Hakupiga kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Kijana alipoandika usiku wa siku za kazi, alikusudia usiku kama watu wausemavyo: ukianza Ijumaa hubaki wa Ijumaa mpaka kupambazuke. Hakuna mtu wa mjini aliye macho saa saba za usiku anayesema kuwa siku imekwisha geuka. Kwake siku hugeuka alalapo na kuamka. Lakini mashine hailali. Kwake siku hukatwa saa sita kamili usiku kama uzi kwa mkasi, na kila kipande huhukumiwa peke yake. Saa saba za usiku ule ziliangukia kipande cha Jumamosi, na Jumamosi haikuwamo katika siku za kazi. Wala Jumapili haikuwamo. Ilipoingia saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu, ndipo mjumbe aliposimama tena, akapiga simu, na barua ikaondoka kwa sekunde chache bila tabu yoyote.

Jumatatu asubuhi kijana alifika kazini mapema, akafungua sanduku la barua zilizoingia, akalikuta halina jibu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake. Kijana alisema, "Halijafika, Mzee." Mzee alitazama dirishani, ambako matope ya mvua ya Ijumaa yalikuwa hayajakauka, akasema, "Mvua ile ilikuwa kubwa." Kijana hakuitikia wala hakukana. Mzee akatoka kwenda hospitali mikono mitupu.

Alipobaki peke yake kijana aliifungua taarifa ya mashine. Kwa saa mbili za Ijumaa ilionyesha simu zilizokatika. Kisha, tangu saa sita, ilionyesha jibu moja lililorudiwa siku mbili nzima, nalo lilikuwa hili: wakati wa kupiga simu si huu. Alilisoma mara ya kwanza asilielewe. Mara ya pili alilielewa, na damu ikampanda usoni ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mgonjwa aliingizwa chumba cha upasuaji saa tatu bila neno la mwanawe. Mungu alimjalia akatoka salama. Jibu la mtoto lilifika katika simu ya usiku wa Jumatatu, likachapwa Jumanne asubuhi, na mzee akalichukua wodini, akamsomea mkewe. Lilikuwa na maneno machache: kwamba yupo, kwamba anamwombea, na kwamba atakuja Desemba. Mama alitaka lisomwe mara ya pili. Kisha akauliza kwa nini lilikuja baada ya kisu. Mzee alimjibu kuwa ni mvua.

Habari hii mzee aliisimulia katika chumba cha nyuma kwa furaha ya mtu aliyeponea, na kila neno la furaha yake lilimchoma aliyekuwa akilisikiliza. Hapakuwa na mtu ofisini wala mjini aliyejua siri ya mstari ule. Mvua ilinyesha kweli. Simu zilikatika kweli. Kila mtu wa Dar es Salaam alikuwa tayari kuamini ubaya wa simu wakati wa masika, na uongo huu haukuhitaji hata kusemwa. Ulihitaji kunyamaziwa tu. Husemwa kuwa mjumbe hauawi, na hapa pia mjumbe hakuwa na hatia. Alifanya alichoambiwa, saa aliyoambiwa, katika siku alizoambiwa. Hatia ilikuwa ya aliyemtuma, naye angeweza kuificha nyuma ya mawingu.

Kijana alinyamaza Jumanne, akanyamaza Jumatano. Alhamisi, mzee alipopita mlangoni na swali lake la kila siku, alimwomba aingie, akamvutia kiti. Alimwonyesha mstari kiooni, akamweleza maana ya herufi na tarakimu zake moja moja, kisha akasema, "Mzee, mvua ilikoma saa sita. Baada ya hapo simu ilikuwa nzima. Barua ya mama haikuzuiwa na mvua. Niliizuia mimi."

Mzee hakuweza kusoma alama zile, lakini alizitazama kwa muda mrefu kama atazamavyo anwani iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mashine yako ilisema usiku ule ni wa Jumamosi?"

"Ndiyo, Mzee. Tangu saa sita."

Mzee akatabasamu kidogo, tabasamu lisilokuwa la furaha tupu. "Mimi ningekwambia hivyo tangu magharibi," akasema. "Wazee wetu wa pwani siku yao huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa, na jua la Ijumaa likizama, huo tena ni usiku wa Jumamosi. Wewe una usiku wako, mashine ina usiku wake, na mimi nina wangu. Usiku mmoja, na watu watatu tumeugawa sehemu tatu."

Alinyamaza tena. Alikuwa na haki ya kukasirika, na uso wake ulionyesha kuwa aliifikiria haki hiyo kabla ya kuiacha. "Mimi nimekosea nyumba mara nyingi kuliko udhanivyo," aliendelea. "Lakini mlango ukifunguliwa na mtu nisiyemtazamia, huuliza. Hivyo barua haikupotea. Huyu wako haulizi. Basi maswali ambayo angeuliza yeye, jiulize wewe kabla hujamtuma." Akasimama, akauchukua mkoba wake. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mama yake nitamwambia mwenyewe. Hatakuchukia. Lakini nitamwambia."

Siku ile ile kijana alikwenda kwa mkuu wa ofisi akaomba amri ibadilishwe, simu zipigwe usiku wa siku zote. Mkuu aliuliza gharama, akaambiwa, akanung'unika, akakubali. Wk ikafutwa, Any ikaandikwa mahali pake. Juu ya mstari huo kijana aliongeza mwingine ulioanza kwa alama ambayo mashine huiruka bila kuisoma, kwa kuwa ulikuwa wa watu. Aliandika kwa Kiswahili: "Mashine hukata siku saa sita usiku. Aandikaye hapa auhesabu usiku kwa vipande viwili." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ya Kiswahili katika faili lile.

Miaka ilipita, na njia zikabadilika. Itifaki iitwayo PPP, iliyokamilishwa mwaka 1994, iliwezesha kompyuta kuingia katika intaneti yenyewe kwa simu ile ile, si kuacha barua mlangoni na kuondoka. Ikaja na mafaili yake mapya: ya masharti, ya siri, na ya mazungumzo ya mlangoni, na katika hayo ya mazungumzo, mahali pengi, ilikuwamo ile ile "ogin:" isiyo na kichwa, imerithiwa kutoka kwa wazee wake. Baadaye nyaya za kudumu na simu za mkononi ziliiondoa hata hiyo katika kazi za watu wengi. Sauti ya modemu ikipiga kelele usiku, ambayo kwa watunzaji wake ilikuwa kama mwadhini wa barua, leo vijana wengi hawaijui.

Lakini mjumbe asiyeuliza hakuondoka. Amebadili nguo tu. Kila mtu anayeiandikia mashine amri, ndogo au kubwa, humtuma mjumbe yule yule, na kila amri hubeba ndani yake mambo ambayo mwandishi hakuyaandika kwa sababu aliyadhani kuwa yajulikana na ulimwengu wote: usiku huisha lini, juma huanza siku gani, jina la mtu huandikwaje. Mashine haijui lolote katika hayo. Hujua lililoandikwa. Pengo lililopo kati ya lililoandikwa na lililokusudiwa ndimo barua ya mama ilimolala siku mbili, wala hakuna awezaye kusema ni barua ngapi nyingine zimelala humo.

Basi kazi ya kumwagiza mjumbe kama huyo yahitaji adabu mbili. Ya kwanza ni ile ya "ogin:", yaani kutoshikilia neno zima pale ambapo mkia wake watosha, na kutoharakisha kuwasahihisha waliotangulia kabla ya kujua kwa nini waliandika walivyoandika. Ya pili ni ya kuungama. Mashine haitamsema aliyeikosesha. Taarifa yake itabaki ghalani, na watu wataendelea kuilaumu mvua. Ni juu ya mtunzaji mwenyewe kuifungua, kuisoma, na kuvuta kiti. Kijana yule alipoteza siku mbili za barua ambazo hakuweza kuzirudisha. Alichoweza kukirudisha ni ukweli, nao alimkabidhi mwenyewe kwa mkono wake, kama tarishi.

Asubuhi ya pili yake mzee alipita mlangoni na mkoba begani. "Mwenzangu amefika salama jana?" akauliza. Kijana hakujibu mara moja. Aliigeukia mashine, akaifungua taarifa ya usiku, akaisoma mstari kwa mstari hadi mwisho. Kisha akasema, "Shikamoo Mzee. Amefika."